Mkunga au Daktari Bingwa: Jibu kwa Mdogo Wangu wa Tanga

Binti wa mama yangu mdogo, anayeishi Tanga, ana mimba ya wiki tisa. Alinipigia simu Jumapili iliyopita, na baada ya salamu ndefu na malalamiko mafupi kuhusu kichefuchefu alifika kwenye jambo lenyewe: "Dada, nianze na mkunga wa kituo cha afya hapa jirani, au nikusanye fedha nimfuate daktari bingwa mjini?" Nilimwahidi kumjibu kwa maandishi, kwa sababu jibu langu ni refu na kwa sababu mimi mwenyewe nimepita njia zote mbili. Mimba yangu ya kwanza, mwaka 2017, niliipeleka kwa daktari bingwa wa hospitali binafsi hapa Dar es Salaam. Ya pili, mwaka 2022, niliianzia kwa mkunga wa kituo cha afya cha serikali.

Ugumu wa kwanza ni wa majina. Katika hospitali zetu kila mwanamke mwenye sare nyeupe huitwa nesi au sista, na kila aliyening'iniza shingoni kifaa cha kusikilizia mapigo huitwa dokta, hivyo mwanamke anaweza kulea mimba miezi tisa na kujifungua salama bila kujua kwamba aliyemhudumia muda wote huo alikuwa mkunga. Neno lenyewe nalo limebeba historia. Bibi yangu wa Pangani alikuwa mkunga wa jadi, na kwa mama yangu mkunga bado ana sura ya bibi: mwanamke mtu mzima, aliyerithi kazi kwa mama yake, aliyelipwa kwa kuku na doti ya khanga. Ndiyo maana nilipomwambia mama kwamba mimba ya pili nitaipeleka kwa mkunga, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mume wangu amefukuzwa kazi.

Mkunga ninayemzungumzia mimi ni mtaalamu mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Wengi wao wamesoma stashahada ya uuguzi na ukunga kwa miaka mitatu, na wengine wana shahada. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi amesoma udaktari kwa miaka mitano, akafanya kazi kwa mwaka mmoja chini ya usimamizi, kisha akarudi kusomea ubingwa kwa miaka mitatu mingine. Mtu akihesabu miaka peke yake ataona kwamba bingwa ni mkunga aliyeongezewa elimu, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, kwani elimu zao zinaelekea pande mbili. Mkunga anafundishwa mimba inayokwenda sawasawa, namna ya kuilinda iendelee hivyo, na namna ya kung'amua mapema inapoanza kwenda kombo. Bingwa anafundishwa kwa undani yale yanayofuata baada ya mambo kwenda kombo: upasuaji, kifafa cha mimba, kondo la nyuma lililojishika mahali pasipofaa, mimba ya mwenye ugonjwa wa moyo au kisukari. Makadirio ambayo mashirika ya afya yameyatumia kwa miaka mingi ni kwamba takriban asilimia 15 ya wajawazito hupata tatizo linaloweza kuhatarisha maisha. Asilimia hiyo si ndogo hata kidogo, lakini inaonyesha pia kwamba wengi wetu, kwa sehemu kubwa ya safari, tunamhitaji yule wa kwanza.

Nje ya miji mikubwa, tena, swali lenyewe lina kasoro, kwa sababu kati ya hao wawili yuko mtu wa tatu. Katika hospitali nyingi za wilaya na vituo vya afya vyenye chumba cha upasuaji, anayempasua mama ili kumtoa mtoto ni daktari asiye bingwa, na kwa miongo mingi kazi hiyo imefanywa pia na madaktari wasaidizi, kada ambayo Tanzania iliifundisha makusudi kwa sababu madaktari kamili walikuwa wachache. Maelfu ya Watanzania wamezaliwa kwa mikono hiyo. Mdogo wangu anakaa karibu na mji na bingwa anapatikana, kwa hiyo nitaliacha hilo hapo.

Mwaka 2017 sikujiuliza maswali. Nilikuwa na bima iliyolipa karibu kila kitu, nilikuwa na hofu ya mzazi wa mara ya kwanza, na ofisini kwetu kulikuwa na daktari mmoja aliyesifiwa na kila mwanamke aliyepata kujifungua. Hofu yenyewe niliinyonya utotoni. Mama zetu walikuwa wakisema mjamzito ana mguu mmoja duniani na mwingine kaburini, na hawakuwa wakitia chumvi. Hata utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya kina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104, tofauti kubwa kwa muda mfupi hivyo, lakini mimi nilibeba mimba ya kwanza nikiwa na ile namba ya zamani kichwani. Nilitaka mtu mwenye elimu kuliko wote, nami nikampata.

Kila mwezi nilisubiri kwa saa mbili au tatu ili nimwone kwa dakika zisizozidi kumi. Simlaumu, alikuwa mpole, msomi, na aliyajibu maswali niliyokumbuka kuyauliza. Kila mara alinipiga picha ya ultrasaundi, nami nikatoka na furaha ya kumwona mwanangu akipunga mkono. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwa mimba isiyo na tatizo Shirika la Afya Duniani linapendekeza picha moja kabla ya kutimiza wiki ya 24. Mimi nilipigwa sita. Hazikunidhuru, ila zilikula muda wa mazungumzo, kwani hakuna siku niliyoulizwa ninakula nini, nyumbani ninaishi na nani, au nitafika kwa usafiri gani uchungu ukinishika usiku wa manane. Dalili za hatari nilizisoma mwenyewe kwenye bango la chumba cha kusubiri, tena nikiwa nimesimama kwa kukosa kiti.

Uchungu ulinianza usiku wa kuamkia Jumamosi. Tulipofika hospitali njia ilikuwa imefunguka sentimita nne, na aliyenipima alikuwa kijana wa kiume ambaye kwa sura hakufika miaka 30. Mama, aliyekuwa amenisindikiza, alipoambiwa kwamba huyo ndiye mkunga wa zamu alijifunika khanga usoni kana kwamba ni yeye aliyelala kitandani. Daktari wangu alipigiwa simu. Alikuwa kwenye chumba cha upasuaji cha hospitali nyingine, jambo la kawaida katika jiji ambalo mabingwa wengi hufanya kazi ya umma mchana na ya hospitali binafsi jioni na usiku.

Kwa saa saba yule kijana alikuwa nami. Alisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, akanikanda kiuno kwa kisigino cha kiganja, akanipa maji kwa kijiko, akanizuia kusukuma nilipotaka kusukuma kabla ya wakati, na mtoto alipotoka akamlaza kifuani kwangu kabla sijauliza ni wa kike au wa kiume. Daktari aliingia wakati mshono wa mwisho unafungwa. Alinipongeza, akaandika maelezo, akaondoka. Kwenye ankara iliyokwenda kwa watu wa bima palikuwa na ada ya daktari bingwa kwa kuzalisha, na jina la yule kijana halikuonekana popote. Nilipouliza dirishani niliambiwa ndivyo utaratibu ulivyo.

Nilibaki na hasira kwa wiki kadhaa, kisha nikakaa nikapiga hesabu. Uchungu wa mimba ya kwanza unaweza kuchukua saa 12 na kuzidi. Daktari mmoja mwenye wajawazito 50 hawezi kukaa kando ya vitanda 50, hata awe na moyo wa namna gani. Mimi nilidhani nimelipia uwepo wake. Kumbe nilicholipiwa na bima ni uangalizi wake wa kliniki pamoja na nafasi ya kumwita pakiharibika. Kwa mwanamke mwenye tatizo vitu hivyo viwili havina bei. Mimi sikuwa na tatizo, na kile nilichokihitaji zaidi, yaani mtu mwenye ujuzi wa kukaa nami usiku kucha, nilikipata kwa mtu ambaye sikumchagua na ambaye hatukuwa tumewahi kuonana.

Katika kutafuta maelezo nilikutana na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya majaribio 15 yenye wanawake 17,674. Uliwalinganisha wanawake waliolelewa na mkunga mmoja au kikundi kidogo cha wakunga tangu mwanzo wa mimba hadi baada ya kujifungua, na wale waliopata huduma za mifumo mingine. Wale wa wakunga walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuongezewa njia, wa mtoto kuvutwa kwa kifaa, na wa kujifungua kabla ya siku, wala wao na watoto wao hawakuonekana kupata madhara zaidi. Kiwango cha upasuaji hakikutofautiana kwa namna ya kuthibitika. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mfumo wa namna hiyo, lakini likaweka sharti: mahali ambapo huduma ya ukunga imejengwa vizuri.

Sharti hilo halipaswi kurukwa, na wanaosifia ukunga mara nyingi huliruka. Majaribio yale yalifanyika Uingereza, Ireland, Kanada na Australia. Jambo lililopimwa huko lilikuwa mwendelezo wa huduma, yaani mwanamke kulelewa na watu walewale wanaomfahamu, na hicho ndicho ambacho kliniki zetu mara nyingi hazina. Anayekupima leo si lazima awe ndiye wa mwezi ujao, na kwa kawaida si yeye atakayekuwa zamu siku yako. Kumwambia mwanamke wa Tanga kwamba utafiti umesema mkunga ni bora, bila kumwambia ni mkunga anayefanya kazi kwa utaratibu gani, ni kumuuzia kanzu kwa picha.

Nilipopata mimba ya pili tulikuwa tumehamia Kigamboni, na kituo cha afya kilikuwa mwendo wa dakika 15 kwa miguu. Nilikwenda nikiwa na wiki 11. Mkunga aliyenipokea alitumia karibu saa nzima kuniuliza: mimba ya kwanza ilikwendaje, mtoto alizaliwa na uzito gani, katika ukoo wetu kuna mwenye presha, selimundu au mapacha, ninalala saa ngapi, mume wangu yuko tayari kupima naye. Nikatolewa damu kwa ajili ya kuangalia wingi wake, kundi lake, kaswende na VVU, nikapima mkojo, nikapewa chandarua na vidonge vya kuongeza damu, na kuambiwa kwamba dawa ya kuzuia malaria, ile SP, nitaanza kuimeza nikivuka wiki ya 13. Yote yaliandikwa kwenye kadi yangu, kadi ambayo nilitakiwa kutembea nayo kama kitambulisho. Nilikuwa na bahati: kwa kuwa kituo kilikuwa na wakunga wachache na mimi nilichagua kwenda siku ileile ya wiki, huyohuyo alinihudumia karibu kila mara.

Kitu nilichokifurahia ni mikono yake. Kila mahudhurio alilipapasa tumbo kwa utulivu, akanionyesha kichwa kiko wapi na mgongo uko upande gani, kisha akapima kimo cha mimba kwa utepe uleule wa fundi cherehani. Alinieleza kwamba baada ya wiki ya 20 idadi ya sentimita hukaribiana na idadi ya wiki, hivyo utepe wa bei ndogo unaweza kumwambia kwamba mtoto hakui au kwamba maji yamezidi, muda mrefu kabla mtu hajafikiria kupiga picha. Mapigo ya moyo aliyasikiliza kwa kile kifaa chenye umbo la pembe, kilichobuniwa na daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwishoni mwa karne ya 19, na ambacho hakihitaji umeme wala betri.

Katika wiki ya 31 alinipima presha, akatazama, akafungua mkanda bila kusema neno, akaniomba nikakae kwenye benchi la nje kwa dakika 15 bila kuongea na mtu. Kipimo cha pili kilisoma 146/94. Mstari ambao mkunga hapaswi kuuvuka peke yake ni 140/90. Mkojo haukuwa na protini, kichwa hakikuniuma, macho yalikuwa yanaona vizuri, na mimi kwa kweli nilijihisi mzima kuliko siku zote. Nilianza kumbembeleza tusubiri wiki moja. Alikataa kwa upole, akaandika rufaa mbele yangu, akanisomea alichokiandika, akampigia simu daktari wa hospitali ya rufaa, na akanakili namba yangu kwenye daftari lake. "Mama, kazi yangu ilikuwa kuliona hili mapema," aliniambia. "Kulitibu ni kazi ya mwenzangu, na akimaliza kukuona urudi hapa unionyeshe kadi."

Nimekuwa nikilitafakari tukio hilo tangu wakati huo. Mkunga mbovu angeniacha niende nyumbani kwa sababu nilionekana mzima, na mkunga mwenye majivuno angejaribu kulishughulikia mwenyewe. Huyu alijua kwa uhakika mahali ambapo ujuzi wake unakoma, na hilo lilinitia imani kuliko cheti chochote cha ukutani.

Daktari bingwa niliyekutana naye alifanya mambo ambayo kituo cha afya kisingeweza. Alipima chembe zinazogandisha damu, figo na ini, akapiga picha kuona kama mtoto anapata damu ya kutosha, akanianzishia metildopa, dawa ya kushusha presha, akanitaka kila wiki. Alinieleza bila kunificha kwamba presha ya namna yangu ingeweza kubaki hivyo hivyo hadi mwisho au kugeuka ghafla kuwa kifafa cha mimba, na kwamba kichwa kikali, kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia au mtoto kupunguza kucheza ni mambo ya kuletwa hospitali usiku huohuo. Mimba ya kwanza nilimwona bingwa bila kuwa na haja naye, nikachoshwa na dakika zake kumi. Safari hii nilikuwa na haja naye, na dakika zake kumi zilinitosha, kwa sababu kila moja ilikuwa na kazi. Wakati huohuo niliendelea kupita kwa mkunga wangu kupima mkojo na kuulizwa kama ninalala.

Wiki ya 38 protini ilionekana kwenye mkojo na presha ikapanda, na daktari akaamua nianzishiwe uchungu. Nikawa ninameza misoprosto, maikrogramu 25 kila baada ya saa mbili, katika wodi iliyokuwa na wanawake wengi kuliko nafasi. Mama hakuruhusiwa kuingia kwa sababu hapakuwa na pazia la kututenganisha sisi kwa sisi, na hilo bado linaniuma. Huduma zetu zimepiga hatua kubwa katika dawa na vipimo, na ndogo katika kumpa mwanamke mtu wake wa kumshika mkono.

Kando ya kitanda, mara nyingine tena, alikuwa mkunga. Alikuwa akijaza patografu, ile karatasi ya mistari inayoonyesha njia inavyofunguka kadiri saa zinavyokwenda. Nilimuuliza maana yake kati ya uchungu mmoja na mwingine, naye akanijibu kifupi. Baadaye nilisoma zaidi, na historia yake inahusu mada hii moja kwa moja. Mistari yake miwili maarufu, wa tahadhari na wa hatua, ilichorwa na watafiti Philpott na Castle mwaka 1972 katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, mahali ambapo wakunga walikuwa wakizalisha mbali na hospitali kubwa na walihitaji kujua mapema ni nani wa kumsafirisha. Karatasi ile ilitungwa kwa ajili ya swali la mdogo wangu: ni wakati gani mkunga anatosha, na ni wakati gani aitwe mwenye kisu. Kwa miongo iliyofuata ilisambaa duniani kote, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya uliojengwa juu yake.

Mwanangu wa pili alizaliwa saa tisa alasiri bila upasuaji. Nilichomwa pajani sindano ya oksitosini, dawa ya kubana kizazi, kondo likatoka, na nilidhani yamekwisha. Yule mkunga hakudhani hivyo. Aliendelea kutazama damu, akaita kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia siku nzima, akaanza kulisugua tumbo langu chini ya kitovu kwa nguvu iliyonifanya nipige kelele. Daktari alifika ndani ya dakika chache pamoja na wengine watatu. Mmoja wao alikuwa ameshika dawa nyingine ya kubana kizazi, ergometrini, na mkunga ndiye aliyemkumbusha kwamba nina presha na kwamba dawa hiyo ingeipandisha. Nikapewa dripu na dawa iliyonifaa. Damu ilikatika.

Mwaka uliofuata yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000. Walitandika chini ya mzazi plastiki yenye mistari ya kupimia damu badala ya kukisia kwa macho, na mara damu ilipozidi walitoa matibabu yote kwa mkupuo: kusugua kizazi, dawa ya kukibana, dawa ya kugandisha damu, dripu, na uchunguzi wa chanzo. Visa vya kuvuja damu kupita kiasi na matokeo yake mabaya vilipungua kwa asilimia 60. Niliposoma hayo nilimwona yule mkunga tena, macho yake yakiwa kwenye shuka wakati wengine tumeshaanza kushangilia mtoto.

Hata hivyo simtaki mtu achukue kisa changu akakifanya sheria. Wifi yangu, baada ya kunisikia nikimsifia mkunga wangu kwa mwezi mzima, aliamua kwamba naye atajifungulia kituo cha afya. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na mimba hii aliipata mtoto akiwa na miezi minane tu. Tulibishana sana. Kovu la upasuaji linaweza kuachia wakati wa uchungu, na hilo likitokea zinahesabiwa dakika. Anahitaji kuwa mahali penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku, mtu wa kutoa usingizi, na damu kwenye jokofu. Mwanamke kama yeye anaanza na bingwa, na vivyo hivyo mwenye mapacha, mwenye presha au kisukari kabla ya mimba, mwenye selimundu au ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kifafa cha mimba, au aliyempoteza mtoto tumboni katika miezi ya mwisho. Mimi mwenyewe, nikijaliwa mimba ya tatu, nitamwona bingwa mapema, kwa sababu kwa mtu mwenye historia yangu kuna aspirini ya kiwango kidogo ambayo hupaswa kuanzwa kabla ya wiki ya 20, na uamuzi huo ni wa daktari. Wifi alikubali hatimaye, baada ya kaka yangu kuingilia kati na baada ya mimi kuacha kumsifia mkunga kila tunapokaa kula.

Jambo moja ninaloliona likidharauliwa ni stara. Wanawake wengi wa kwetu pwani humkwepa bingwa kwa sababu ni mwanamume, na humkimbilia mkunga kwa kudhani lazima awe mwanamke. Ninaiheshimu haja hiyo. Mwanamke ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke na kuomba mapema. Lakini usiku wa zamu hauna ahadi, na mabingwa wanawake nao wapo.

Sasa nirudi kwako, mdogo wangu. Una miaka 24, hii ni mimba yako ya kwanza, huna ugonjwa ninaoufahamu, na presha yako uliniambia ilikuwa 110/70. Anza kwa mkunga wa hapo jirani, na uanze wiki hii au ijayo ili hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki ya 12. Lenga mahudhurio manane, kama inavyopendekezwa siku hizi, badala ya yale manne ya zamani. Chagua siku moja ya wiki uishikilie, ili uongeze nafasi ya kukutana na mtu yuleyule. Ukiwa hapo muulize wazi: ukiniona nina tatizo unanipeleka wapi, kwa gari gani, na nani anampigia simu daktari? Muulize kama wana dawa ya kuzuia damu na ya kifafa cha mimba leo, si mwezi ujao. Mkunga mzuri hatachukia maswali hayo, na anayechukia amekujibu tayari. Zile fedha ulizotaka kumpa bingwa kila mwezi zigawe: sehemu iwe ya picha moja ya ultrasaundi kabla ya wiki ya 24, sehemu iwe ya gari la usiku, na iliyobaki iwe ya kumwona bingwa siku mkunga wako atakapokuambia umwone. Akikuambia, usimbembeleze kama nilivyofanya mimi.

Mama ameisoma barua hii juu ya bega langu, herufi kwa herufi. Anasema khanga za kujifungulia atazileta mwenyewe Tanga, na ameniagiza nikuulize kama mkunga wa kituo chenu ni wa kike.